Upawa wa Kwanza ni wa Mpishi

Ninyi mnaofunga aproni kwa mara ya kwanza, osheni mikono, halafu kaeni mbali na kopo la chumvi. Mboga iliyopungua chumvi inaongezwa. Iliyozidi mtaila wenyewe nyuma ya jiko, mkiwa mmenuna.

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa mimi, Fausta, kwenye hoteli ya Mama Emiliana pale Katesh. Kwetu hoteli si mahali pa kulala, ni mahali pa kula: mabenchi, moshi, na redio inayokoroma. Nilikuwa nimetoka Endasak kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visichakae. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa na ndoto kubwa kuliko mimi: kufungua hoteli juu kabisa ya Mlima Hanang, wageni wapandishwe kwa pikipiki, wale chapati mawingu yakipita chini ya meza.

Mama Emiliana akaniuliza, "Na maji utayapandisha na nini?"

"Mvua si itakuwa inanyesha hapohapo, mama?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Akaniambia nichukue kisu nianze na vitunguu.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena kusimama kutwa. Nimerudi Endasak, ninapanda milimau na vitunguu saumu. Ile ndoto bado ninayo, ila nimeishusha kidogo: siku hizi nataka hoteli iwe nusu ya mlima tu. Mjukuu wangu ananicheka. Nanyi chekeni, lakini msikilize, maana nataka kuwasimulia jinsi tulivyokaribia kumpoteza Mama Emiliana kwa sababu ya chakula tulichompikia kwa mapenzi.

Kwanza mjue alikuwa mpishi wa namna gani. Hakupima kitu chochote kwa kijiko. Alidondosha mchuzi kwenye kiganja, akalamba, akafumba macho kama anasali, halafu akasema, "Bado unalia," maana yake chumvi haijatosha. Au, "Umenyamaza." Ukinyamaza tunapakua. Mimi nilijifunza kazi yote kwa kusikiliza michuzi inayolia.

Na alikuwa na mila moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Sufuria ya maharage ikishaiva, au ya makande, au ya mbaazi, kabla mteja yeyote hajapewa, upawa wa kwanza ulikuwa wa mpishi. Alichota ile supu ya juu, nzito, akaimimina kwenye kibakuli chake cha bati cha bluu, akainywa akiwa amesimama. "Mpishi asiyekunywa alichopika," alikuwa anasema, "ni kama fundi cherehani anayetembea na suruali iliyopasuka." Alimaliza, akafuta mdomo, akaita, "Haya, karibuni!" Ndipo hoteli ilipofunguliwa.

Makande yake yalikuwa na sifa mpaka Nangwa. Yalikuwa laini kiasi kwamba wazee wasio na meno walikuja siku ya mnada kwa ajili yake tu, wakaacha nyama kwa vijana. Siri ya ulaini ule haikuwa siri: ilikuwa magadi. Kila mama wa kwetu anayajua. Unaweka kidogo kwenye maharage, yanavunjika upesi, kuni zinapona. Unaweka kwenye mboga za majani, zinabaki kijani na zinalainika. Na magadi yetu yalikuwa bora, kwa sababu yalitoka Balangida, lile ziwa la chumvi lililo upande wa tambarare, na yaliletwa na Mzee Gidahuda mwenyewe.

Mzee Gidahuda alikuwa mfugaji wa huko tambarare, mrefu kama nguzo ya simu, amejifunga shuka na fimbo haimtoki mkononi. Kila mnada aliingia kwetu, akainama kwenye mlango, akaanza uchokozi.

"Fausta! Leo mmepika nyasi za aina gani?"

"Shikamoo, mzee. Tumepika zile alizobakisha ng'ombe wako."

"Marahaba. Sasa mimi nikila chakula cha ng'ombe, ng'ombe ale nini? Niletee nyama."

Akishiba alimwekea Mama Emiliana mfuko wa magadi mezani. Ilikuwa zawadi. Mama alimjaza chai na maziwa mpaka akaomba msamaha.

Basi, miaka michache iliyopita, asubuhi moja Mama alikuwa anageuza chapati akasema, "Fausta, mbona mlima unatembea?" Nilidhani utani. Nikageuka, nikamwona ameshika ukuta, chapati inaungua. Jirani mwenye bodaboda akatupeleka kituo cha afya, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia la mahindi.

Huko tulimkuta Nesi Upendo, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Akapima, akapumzisha, akapima tena.

"Bibi, presha iko juu sana. Tangu lini kichwa kinauma?"

"Kichwa cha mpishi kinauma kila siku, mjukuu wangu. Ni moshi."

"Si moshi, bibi."

Akaandikiwa dawa za kumeza kila siku, si siku kichwa kinapouma tu. Na chumvi ipunguzwe. Mama Emiliana aliposikia hilo, uso ulishuka kuliko aliposikia habari ya presha.

Mwanawe Daniel, aliye fundi magari Arusha, alipiga simu jioni ileile. Alimpenda sana mama yake, na kwa hofu yake akasema neno lililotuchoma sote. "Mama, kama presha haitashuka, nakuja kukuchukua. Utakaa kwangu, utapumzika. Habari ya kusimama kwenye moto basi."

Mama aligeuka akautazama mlima. Mimi nilijua anachofikiria. Huyu ni mtu ambaye kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alitoka mlangoni akautazama mlima kama anausalimia. Hoteli ile aliianza mumewe alipofariki, ikamlelea watoto. Kumtoa pale ni kung'oa mti mkubwa ukaupanda kwenye ndoo.

Kwa hiyo tulikuwa na kazi moja: presha ishuke, Mama abaki.

Nesi Upendo ndiye aliyetuambia habari ya chumvi mbadala. Watu wa madukani wanaiita chumvi ya presha. Alitueleza kwamba chumvi ya kawaida ina kitu kinaitwa sodiamu, na hicho ndicho kinachopandisha presha. Hii nyingine wameipunguza sodiamu, wakaweka potasiamu mahali pake. "Lakini msikimbilie dukani," akasema. "Kwanza tumpime figo, na tuangalie dawa anazotumia. Mtu mwenye figo mbovu, potasiamu ikizidi inaweza kumdhuru moyo." Alipimwa, figo zikawa nzima. Dawa zake nazo hazikuwa na ugomvi na chumvi hiyo. Nesi akaongeza, "Na msiwapikie wateja wote bila kuwaambia. Hamjui nani ana nini."

Hilo lishikeni, wanangu. Chumvi hii ni nzuri, lakini ina watu wake. Aulizwe daktari kwanza.

Daniel akaitafuta Arusha, akaituma kwa basi. Tukatenga sufuria ndogo ya Mama, tukaipa jina: Sufuria ya Bibi Harusi, maana ilikaa peke yake na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku ya kwanza niliitia ile chumvi kama nilivyozoea kutia nyingine, mapema na kwa mkono uliojaa. Halafu kwa haraka ya mchana nikampakulia dereva mmoja wa lori kutoka kwa Bibi Harusi bila kujua. Akaonja. Akatazama kijiko. Akaonja tena.

"Dada Fausta, samahani. Hii sufuria mmeiosha kwa misumari?"

Nilipoonja mimi, kweli, ulimi ulikuwa kama umelamba kitasa cha mlango. Mama Emiliana akasukuma sahani. "Basi niende tu Arusha," akasema. "Kama ndiyo kula huku, heri nikale kwa mkwe."

Sikulala vizuri, nikaanza kuipima ile chumvi kama binti anavyopima mchumba, taratibu. Nikagundua kwamba inataka mkono mwepesi. Ukiizidisha inakuwa chungu. Tia mwishoni, sufuria ikishashuka, ndipo ulimi unaipata upesi na kidogo kinatosha. Halafu tafuta wa kuisaidia: ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, nyanya zilizokaangwa mpaka zikawa nyeusi pembeni. Karanga za kusaga kwenye mboga ya mnafu zinafanya mtu asahau kuuliza chumvi. Na ulimi wenyewe ni kama ndama, unazoea. Wiki za mwanzo Mama alilalamika, baadaye akalamba kiganja, akafumba macho, akasema, "Unalia kidogo, lakini unalia vizuri." Nikaruka pale jikoni nikakanyaga paka.

Tulifurahi, tukajua tumeshinda. Tukaenda kliniki tumevaa vitenge vipya. Nesi akapima. Akakunja uso.

"Imeshuka kidogo sana, bibi. Bado iko juu. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Chumvi?"

"Fausta ananipikia mbali, hata kuonja sufuria ya wateja ikishatiwa chumvi nimeacha."

Akatuambia tuendelee, turudi. Tukarudi, hali ileile. Daniel akapiga simu, safari hii hakubembeleza. Akataja siku ya kuja na gari.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Mama alifunga begi lake mwenyewe asubuhi, akaliweka kando ya mlango, halafu akafunga aproni juu ya gauni la safari. "Nitapika mpaka gari lifike," akasema. Daniel akafika kabla ya chakula cha mchana, akatusalimia, akakaa kwenye benchi akitazama viatu vyake. Hakuna kijana anayefurahi kumng'oa mama yake. Nesi Upendo naye akaja kumuaga Mama, akaketi karibu na Daniel.

Makande yakaiva. Mama akachukua upawa, akachota supu ya juu, akajaza kibakuli cha bluu, akanywa. Akachota tena, akanywa.

"Bibi," Nesi akasema, "hiyo si ya sufuria ya wateja?"

"Ndiyo, mjukuu wangu, lakini haina chumvi. Haya tunachemsha kwanza, kisha Fausta ananipunguzia yangu, ndipo tunatia chumvi ya wateja. Upawa wa kwanza ni wa mpishi, na tangu niumwe nakunywa hata wa pili, maana hii haina neno."

Na hapo hapo mlango ukajaa Mzee Gidahuda.

"Nasikia wanakuiba kukupeleka mjini!" Akaweka mfuko mezani, puu. "Nimekuletea mzigo mkubwa. Kule Arusha maharage yao ni magumu kama mawe, watakuvunja meno."

Nesi Upendo akafungua mfuko. "Hii ni nini, babu?"

"Magadi. Ya Balangida. Bila haya mama huyu hawezi kupika hata chai."

Yule binti akayatazama magadi, akatazama sufuria, akatazama kibakuli cha bluu mkononi mwa Mama. Akashika kichwa.

"Bibi, kwenye makande mnaweka haya?"

"Kila siku."

"Kwenye maharage?"

"Si ndiyo yanalainika?"

"Na mboga za majani?"

Nikajibu mimi, "Na mboga. Lakini magadi si chumvi, nesi. Hayana ladha ya chumvi."

"Dada Fausta, hayana ladha yake lakini yana sodiamu. Ni ileile tunayoikimbia. Nimewauliza chumvi kila mara, na mimi mwenyewe mama yangu anapikia magadi, sikuwaza kuuliza."

Sufuria ya Bibi Harusi tuliilinda mchana kutwa dhidi ya chumvi, kumbe maharage yake yalikuja yameshaoga Balangida. Na ule upawa wa kwanza, pamoja na wa pili wa kujipongeza, ndio uliomwongezea magadi.

Mzee Gidahuda akakasirika. "Magadi yangu yamemuua nani? Ng'ombe wangu wanalamba kila siku!"

"Mzee," nikamwambia, "ng'ombe wako umewahi kuwapima presha?"

Akafikiri. Akasema, "Yule dume mweusi nina wasiwasi naye." Kicheko kikatoka, hata Daniel akacheka, na mimi naamini kicheko kile ndicho kilichotusaidia. Maana Nesi alimgeukia, akamwambia kwa upole, "Kaka, niachie bibi mpaka kliniki ijayo. Siahidi kitu. Lakini hili hatujalijaribu."

Daniel akamtazama mama yake. "Mama, unataka?"

"Nimewahi kutaka kitu kingine?"

Daniel akaliangalia lile begi. Mwishoni akasema, "Begi lisifunguliwe. Likae hapohapo mlangoni. Nikirudi, presha ikiwa juu, tunaondoka bila maneno." Likabaki pale, tukawa tunalipita kila siku tukibeba kuni, na Mama hakulitazama.

Sasa hapa ndipo kazi yenyewe, mnaoanza msikilize. Kupika maharage bila magadi kunataka uyafikirie jana yake. Yachague, yaoshe, yaloweke mchana mpaka kesho yake asubuhi, mwaga maji yale, weka mapya. Moto usiwe wa hasira. Funika, na ukiongeza maji, yawe ya moto. Ukitia ya baridi maharage yanashtuka na kugoma. Nyanya na ndimu ziingie yakishaiva, kwa sababu ukali wake unayafanya magumu. Mahindi ya makande yakobolewe vizuri nayo yalowe. Mboga za majani hazihitaji magadi kabisa, zinahitaji usiziache motoni ukaenda kupiga soga.

Wazee wasio na meno waligoma. Mmoja wao kutoka Nangwa alitafuna, akatafuna, akamwita Mama. "Emiliana, nimekukosea nini?" Tukajifunza kuwachemshia yao zaidi, na kuyaponda kidogo kwa mwiko. Wakarudi. Mzee Gidahuda alisusa mnada mmoja, wa pili akaja na kibuyu cha maziwa badala ya mfuko. "Haya hayana magadi," akasema. "Nimemuuliza ng'ombe."

Na upawa wa kwanza? Mama aliendelea kuuchota, lakini sasa kutoka kwa Bibi Harusi, maharage yaliyolowekwa, chumvi yake ya presha ya kunusia tu. Mila hatukuivunja, tuliihamisha sufuria.

Siku ya kliniki Nesi Upendo alipima, akapumzisha, akapima tena. Mimi nilikuwa nasali kwa lugha zote ninazozijua. Akaandika, akainua uso, na kabla hajasema neno machozi yangu yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Imeshuka, bibi. Imeshuka vizuri."

"Ni magadi?" nikauliza.

"Siwezi kusema ni kimoja. Ni dawa, ni ile chumvi, ni magadi kuondoka. Msiache hata kimoja. Akiacha dawa, itapanda tena."

Daniel alikuja Jumamosi iliyofuata. Tulikuwa hatujamwambia, Mama alitukataza. Aliingia, akaliona begi mlangoni, vumbi limelikalia, akainama kulibeba.

"Weka chini," Mama akasema. "Kwanza ule."

Akaenda kwenye Sufuria ya Bibi Harusi, akachukua upawa, akachota supu ya juu. Akajaza kibakuli cha bluu. Nikasubiri anywe. Hakunywa. Alivuka jiko zima, hatua zake nzito za kimama, akampa mwanawe mkononi. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuona mtu mwingine akipewa upawa ule.

Daniel akanywa. Akatazama ndani ya kibakuli.

"Mama, ni tamu. Lakini chumvi yake iko wapi?"

Mama Emiliana akachukua lile begi kutoka miguuni mwa mwanawe, akalipiga vumbi, akanipa mimi nilirudishe ndani.

"Imebaki Balangida, mwanangu," akasema. "Na mimi nimebaki Katesh. Haya, karibuni!"